Dubu Aliyeniponza Ukweni Nkoma

Leo nimejivua nguo ukweni. (Siyo hivyo mnavyofikiria. Nguo zote zilibaki mwilini isipokuwa mtandio, na huo nitaueleza.) Nawaandikia mwenyewe, tena mapema, kwa sababu Mbale na Jinja si mbali, na habari hii ikifika mtaani kwetu Walukuba, Jinja, kabla yangu itakuwa imeshatiwa chumvi. Haihitaji chumvi.

Kwa wale wasiojua kazi yangu: mimi natafsiri makala kwa Kiswahili. Kuna tovuti moja ya ng'ambo inayouza vifaa vya watu wanaopenda kwenda kulala porini kwa hiari yao, na inataka isomwe na kila mtu duniani, hata sisi. Mhariri wangu yuko Nairobi, anaitwa Wambui. Wiki hii alinipa makala ya namna ya kuchagua bunduki isiyoharibiwa na mvua, ya kuwindia dubu wakubwa.

Dubu sijawahi kumwona. Bunduki nimeziona kwa askari wa mlango wa benki tu, na huwa napita mbali. Lakini kazi ni kazi. Nimesoma, nimetazama video, nimeuliza, mpaka sasa ukiniamsha usingizini nitakwambia kwa nini bunduki ya kitako cha mbao haifai kwenye nchi ya mvua. Hakuna aliyewahi kuniamsha kuniuliza hilo. Leo nimeulizwa.

Halafu kuna Siraji, mchumba wangu. Kwao ni Mbale, mtaa wa Nkoma, ila anafanya kazi kiwandani Jinja. Siraji ni mkubwa. Milango mingine anaingia kwa ubavu. Mikono yake ina nywele mpaka kwenye vidole, na akishiba analala pale pale alipokaa. Kwa hiyo siku niliyoanza makala ile nilimtazama akiwa amelala kwenye kochi letu, nikamwita Dubu. Akaamka, akauliza ni nini. Nikamwambia ni mnyama mwenye nguvu nyingi wa nchi za baridi. Akafurahi. Tangu hapo haitiki nikimwita Siraji.

Leo ilikuwa mara yangu ya kwanza kwenda kwao kuonekana. Nilikwenda na shangazi Mariamu, dada yake marehemu baba, ambaye ndiye aliyenilea. Tangu asubuhi alikuwa ananipa maelekezo. "Zaituni, ongea kidogo. Kula kidogo. Ukicheka, meno yasionekane." Alikuwa amebeba zawadi aliyoisuka kwa mikono yake, mkeka wa ukindu wa rangi nne, ameukunja na kuufunga ndani ya shuka kwa kamba. Mrefu, mwembamba, mzito. (Kumbukeni umbo lake.)

Sisi ni Wanubi, Kiswahili tumezaliwa nacho. Wakwe zangu ni Wagisu, Waislamu kama sisi, ila kwao Kiswahili ni lugha ya kambi za jeshi na ya vizuizi vya barabarani. Watu wazima wa pale wanajua maneno machache tu, lakini yale machache wanayajua vizuri sana: simama, leta, piga, bunduki, risasi, ua.

Tulipokelewa vizuri mno. Baba mkwe ni Hajji Abdu, mwanajeshi mstaafu, mzee mrefu asiyecheka ovyo. Kila mtu anamwita Afande, hata mke wake. Mama Siraji ni mpole, sauti yake ndogo, mikono haitulii, muda wote anakusogezea chakula. Na yuko Senga Hadija, dada yake Afande. Kwa wasiojua, senga ndiye shangazi wa upande wa baba, na kwenye nyumba ya Uganda senga asipokukubali unaweza kukunja mkeka wako urudi nao. Huyu alinitazama tangu kisigino mpaka paji la uso, kisha akasema, "Karibu." Nikashukuru Mungu.

Chakula kilikuwa ndizi, kuku, na malewa, yale machipukizi ya mianzi yanayopikwa na karanga. Nilikula kidogo. Niliongea kidogo. Kila kitu kilikuwa kinakwenda sawa mpaka nilipotaka maji.

"Dubu, nisogezee jagi."

Limenitoka tu. Meza nzima ikanigeukia.

"Dubu ni nani?" akauliza Senga.

Siraji, mdomo umejaa malewa, akatabasamu. "Ni mimi."

"Dubu ni nini?"

"Ni mapenzi, Senga."

Hapo ndipo nilipopaswa kueleza. Lakini nilikuwa nimeambiwa niongee kidogo. Nikanywa maji yangu.

Baadaye kukaadhiniwa alasiri. Afande na Siraji wakaenda msikitini. Shangazi Mariamu akajiegemeza kwenye kochi kwa dakika mbili tu, kama alivyosema, na akaanza kukoroma. Mama Siraji akaenda jikoni. Na simu yangu ikalia. Wambui.

Makala ilitakiwa itoke leo, na alikuwa na maswali. Sebuleni mtandao ulikuwa unakatika, kwa hiyo nikatoka, nikazunguka nyuma ya jiko, karibu na bafu la nje. Nikapata mistari miwili ya mtandao. Bado tulikuwa hatusikilizani vizuri, ikabidi nipaze sauti. (Mnaijua sauti yangu.)

Sasa naomba msome maneno yangu kama alivyoyasikia mtu aliyekuwa ndani ya lile bafu, mwenye Kiswahili cha vizuizi vya barabarani, ambaye muda mfupi nyuma aliambiwa Dubu ni nani. Na mkumbuke kwamba Kiswahili chetu, kwa uzuri wake wote, hakitofautishi: mtu ni "yeye", mnyama ni "yeye".

"Hapana, Wambui! Dubu apigwe risasi nzito! Nzito!"

"Nyepesi inaishia kwenye mafuta. Si unajua alivyonona?"

"Kichwani usimpige. Fuvu lake gumu, risasi inateleza. Mpige begani. Bega likivunjika hawezi tena kukukimbilia."

"Usipige moja halafu ukasimama kumwangalia. Piga tena. Piga mpaka aache kutikisika."

"Mvua? Mvua si tatizo, bunduki tumeshachagua. Chuma chake hakishiki kutu. Na kitako ni cha plastiki, siyo mbao. Mbao ikinywa maji inavimba, unalenga kifua unapata mguu."

"Ngozi? Ngozi unamchuna hapo hapo kabla hajapoa. Watu wanaitandika sebuleni!"

"Ndiyo, ndiyo. Akishashiba anakuwa mzito. Huo ndio wakati wake."

Na hapo nikacheka. (Nilicheka, jamani. Wameniambia baadaye kwamba kicheko ndicho kilichowaumiza kuliko yote.) Kisha nikamalizia, "Usijali, kazi tunaimaliza leo leo."

Mlango wa bafu ukafunguka. Senga Hadija alikuwa amesimama pale amejifunga leso, povu la sabuni limejaa upande mmoja wa uso. Tukatazamana. Nikatabasamu bila kuonyesha meno. Senga akapita mbele yangu mbio, bila viatu, akaingia jikoni.

Mimi nikadhani sabuni imemuingia machoni.

Niliporudi sebuleni nilimkuta Senga na Mama Siraji wamesimama kando ya mkeka wetu, wanautazama. Senga alikuwa ameshika mwiko wa kusongea. Povu bado liko usoni. Mama Siraji, yule mpole, akanyoosha mkono.

"Leta simu."

Nikampa. Akaisokomeza kifuani, akaenda kufunga mlango wa mbele kwa ufunguo.

"Kaa chini."

Nikakaa. Nikajua kuna jambo, ila sikujua ni lipi. Nilifikiri labda nimevunja kitu.

"Ndani ya hii shuka iko nini?" akauliza Senga.

"Mkeka, Senga."

"Mukeka."

"Ndiyo."

"Mukeka ya mbao, ama ya plastiki?"

Nilidhani anauliza kwa mapenzi ya sanaa. "Ya ukindu, Senga. Shangazi ameusuka mwenyewe."

Akauchoma kwa ncha ya mwiko, akaruka nyuma.

"Mimi nilisikia na masikio yangu!" akasema. "Wewe nasema Dubu napigwa risasi! Risasi muzito! Kwa bega! Na Dubu ni mutoto yetu, yeye mwenyewe alisema hapa kwa meza!"

Hapo ndipo nilipoelewa.

"Na nataka kuchuna yeye," Senga akaendelea. "Hata kama bado moto."

Mama Siraji akaanza kulia kimya kimya. "Ngozi ya Siraji itandikwe sebuleni?" akasema. Kisha akapangusa machozi, akaniuliza, "Sebuleni ya nani?"

Nikasema hapana, mama, hapana, si Siraji, ni dubu mwingine. (Msiseme hivyo kamwe. "Mwingine" haikusaidia hata kidogo.) Nikasema ni kazi yangu. Senga akauliza kazi gani ya kuua watu wakishiba. Nikamwambia tafadhali mwamsheni shangazi, atawaeleza.

Wakamwamsha. Namtafutia shangazi Mariamu udhuru: alikuwa amekula malewa mengi, na jicho moja lilikuwa bado limefumba.

"Mama," Senga akamuuliza kwa heshima, "mutoto yenu nafanya kazi gani?"

"Bunduki," akasema shangazi.

"Bunduki?"

"Kutwa nzima bunduki, bunduki. Mpaka usingizini anataja risasi." Akapiga miayo. "Sisi tumesema akishaolewa ataacha."

Mama Siraji akakaa chini sakafuni.

Wakati huo mvua ya mlimani ilikuwa imeshaanza kupiga bati. Senga akaamua kwamba ule mkeka haulali ndani ya nyumba ya kaka yake. Akausukuma kwa mwiko, polepole, kama mtu anayemtoa nyoka, mpaka kwenye mlango wa pembeni, akausukumia barazani. Baraza lina mteremko. Mkeka ukabiringika mpaka uani kwenye maji mekundu, kamba ikakatika, ukafunguka wote. Rangi nne zikalala kwenye matope zinatutazama.

"Mkeka wangu!" akapiga kelele shangazi Mariamu. Sasa macho yote mawili yalikuwa wazi.

Senga aliutazama kwa muda. Hakuna bunduki. Kwa muda mfupi nikaona aibu usoni mwake, chini ya povu. Kisha akapata jibu. "Basi bunduki iko na wenzake. Iko na ule Wambui. Wambui ndiye mukubwa yao."

Nikapiga magoti. Nikasema, Senga, mama, naapa, dubu ni mnyama. Naandika habari za watu wanaowinda mnyama.

"Munyama gani?"

"Wa nchi za baridi."

"Kama mbuzi?"

"Mkubwa kuliko ng'ombe dume."

"Iko na pembe?"

"Hana pembe. Ana manyoya mwili mzima."

Wakatazamana. Mama Siraji akauliza kwa sauti ndogo, "Nakula nini?"

"Kila kitu, mama. Samaki, asali, nyama. Akishashiba sana analala."

"Natembea namna gani?"

"Kwa miguu minne. Ila akikasirika anasimama kwa miwili, kama mtu."

Mama Siraji akamgeukia wifi yake. "Hiyo yote ni Siraji," akasema.

Niliomba simu niwaonyeshe picha. Mama akakamata kifua chake kwa mikono miwili. Simu hapana, eti nitaita wenzangu. Shangazi Mariamu alikuwa nje kwenye mvua anaokoa mkeka na kunilaani kwa Kinubi, hakuna msaada hapo. Nikaona njia imebaki moja tu. Niwaonyeshe kwa vitendo.

Jamani, nilikuwa nimevaa vizuri leo. Gauni jipya, mtandio wa hariri, wanja. Nikashuka kwenye miguu minne katikati ya sebule ya wakwe zangu. Nikatembea hivi, makalio juu, nikinusa. "Hivi anatafuta asali," nikawaambia. Wakarudi nyuma hatua moja. Nikanusa chini ya meza. Mtandio ukanasa kwenye mguu wa kiti, ukabaki huko. Sikujali, nilikuwa natetea ndoa yangu. "Sasa hivi amemwona mtu," nikasema. "Sasa amekasirika." Nikasimama kwa miguu miwili, nikainua mikono yote juu, kucha nje, nikafungua mdomo mpaka mwisho, nikanguruma.

Nilinguruma vizuri. Zile video zilinisaidia. Senga akapiga ukelele, akanipiga mwiko wa bega. (Begani. Mahali penyewe kabisa.)

Na mlango wa nyuma, ambao hakuna aliyekumbuka kuufunga, ukafunguka. Wakaingia Afande, Siraji, na sheikh wa msikiti wao, wamelowa, wanakimbia mvua. Afande alikuwa amemwalika sheikh aje anione na aniombee dua.

Sheikh akasimama mlangoni. Mimi nimesimama katikati ya sebule, kichwa wazi, mikono juu, mdomo wazi.

"Assalamu alaikum," akasema sheikh.

"Waalaikumu salaam," nikajibu. Sauti ilikuwa bado ya dubu.

Siraji ndiye aliyeelewa kwanza. Alimtazama mama yake anayelia, akamtazama Senga na mwiko, akanitazama mimi, akauliza kwa Kigisu kumetokea nini, akajibiwa na wote wawili kwa pamoja. Kisha akashika ukuta. Siraji akicheka hatoi sauti, anatikisika tu, na picha za ukutani zinatikisika naye. Aliwaeleza polepole. Simu ikatolewa kifuani. Picha ya dubu ikatafutwa, ikapatikana, ikazunguka kwa kila mtu. Mama Siraji akaishika muda mrefu kuliko wote. Akaisogeza karibu na uso wa mwanawe, akalinganisha.

"Ni kweli," akasema. "Nafanana."

Senga akaenda kunawa uso. Aliporudi, akaniokotea mtandio mwenyewe, akanifunika kichwa. Hakusema pole, lakini alinifunga vizuri, na aliniinua kwa mkono ule ule alioshikia mwiko. Shangazi Mariamu akaingia na mkeka wake uliojaa matope, na Mama Siraji akaupokea kwa mikono miwili, akasema ni mzuri sana, atauosha kesho yeye mwenyewe. Sheikh akapewa kiti kikubwa. Chai ikaletwa. Nikaanza kupumua.

Ila Afande alikuwa hajacheka. Alikuwa amekaa, ananitazama.

"Wewe," akasema. "Njoo."

Nikaenda, nikapiga magoti mbele yake.

"Hadija anasema wewe ulisema kitako ya mbao ni mbaya. Kwa nini?"

"Kwenye mvua, Afande, mbao inanyonya maji na kuvimba. Inasukuma mtutu pembeni. Unalenga hapa, risasi inakwenda pale."

Akakuna kidevu. "Kweli," akasema. "Sisi tuliona hiyo. Huko kaskazini, mvua siku nyingi. Ukilenga mti, unapata mti ya jirani." Akasogeza kiti. "Na darubini juu ya bunduki?"

"Inapata ukungu, Afande. Inafaa uweze kuitoa haraka, na chini yake kuwe na kilengeo cha kawaida cha chuma. Dubu hatakusubiri ufute kioo."

"Mtutu murefu ama mufupi?"

"Mfupi. Kichakani mrefu unanasa kwenye matawi."

"Na kutu?"

"Chuma kisichoshika kutu kinasaidia, ila nacho kisiachwe hivi hivi. Jioni unafuta, unapaka mafuta. Hakuna chuma kisichoshika kutu kabisa, Afande. Vingine vinachelewa tu."

Mzee akapiga goti lake. "Unasikia?" akamwambia Siraji. "Hii ndiyo kitu niliambia nyinyi miaka yote na panga za shamba! Nyinyi mnaacha kwa umande!" Siraji akainamisha kichwa. Kisha Afande akamgeukia sheikh, akasema, "Huyu mutoto ana akili."

Ingekuwa vizuri tungeishia hapo. Shangazi Mariamu alikuwa amenyooka kwenye kochi kama ni yeye aliyenifundisha. Mama Siraji aliniongezea sukari bila kuniuliza. Senga alikuwa anatikisa kichwa kwa kukubali. Nilikuwa nimetoka kwenye unyama hadi kwenye usomi, ndani ya birika moja la chai. Nilianza kujisikia. Nikasahau kuongea kidogo.

"Swali ya mwisho," akasema Afande. Alikuwa amechangamka sasa, anaongea na mikono. "Umelala kwa majani. Mvua nanyesha juu yako usiku na mchana. Mdomo ya bunduki iko wazi. Maji ikiingia kwa mtutu, ukipiga, nalipuka kwa uso yako. Unafanya nini?"

"Unabandika utepe, Afande. Risasi inaupasua yenyewe."

"Utepe!" Akacheka, mara ya kwanza tangu nimjue. "Utepe sisi tulitoa wapi? Kwa msitu iko duka? Hapana. Sisi tulikuwa na njia yetu. Sisi, kila askari, tulikuwa tunavalisha mdomo ya bunduki..."

Akakatisha maneno. Akamtazama sheikh. Akakohoa.

"Tulikuwa tunavalisha... hii kitu..." Mkono wake ukapanda hewani, ukazunguka, ukashuka. Akakohoa tena. "Hii kitu ya... ya mpira..."

Sasa mnielewe. Lile jambo lilikuwamo kwenye makala. Aya nzima. Nilikuwa nimelitafsiri juzi na kubishana na Wambui juu yake. Nikamwona mzee wa watu amekwama, baba mkwe wangu, amenisifu mbele ya watu, na neno limempotea. Moyo wangu ukaniambia msaidie. Nikainua kidole kama niko darasani mstari wa mbele.

"Kondomu!"

Mvua ya Mbale ina tabia ya kukatika ghafla. Ilikatika pale pale. Neno langu likabaki peke yake sebuleni.

Na lile neno halihitaji mkalimani. Kwa Kigisu ni hilo hilo, kwa Kiganda ni hilo hilo, kwa Kinubi pia. Shangazi Mariamu akavuta mtandio wake mpaka kwenye kidevu, uso wote ukapotea. Mama Siraji akaweka birika chini, akakosea meza, akaliwahi. Afande akawa anatazama viatu vyake. Siraji, ambaye alikuwa bado anatikisika, akaacha, kwa sababu Senga Hadija alikuwa amegeuza shingo polepole na sasa anamtazama yeye.

"Zaituni," akasema Senga, macho yakiwa bado kwa Siraji, "na wewe najua hiyo namna gani?"

"Kwenye makala, Senga! Wallahi, imeandikwa!"

"Hiyo makala iko na mambo mingi."

Nilitamani dubu wa kweli aingie. Nilikuwa tayari kukaa naye.

Sheikh alikuwa anatazama dari. Ni mzee wa ndevu nyeupe, mtulivu sana. Alikaa hivyo kwa muda ambao mimi niliuona kama mwezi mzima wa funga. Kisha akashusha macho, akamwinamia Afande, akauliza kwa sauti ya chini, lakini sote tukamsikia:

"Na maji haingii?"

"Hata tone, Sheikh," akasema Afande.

"Subhanallah," akasema sheikh, akanywa chai.

Hapo Mama Siraji akacheka. Yule mpole. Alianza kwa pua, akajaribu kuzuia kwa kanga, akashindwa. Senga akamfuata, akijipiga mapaja. Shangazi Mariamu alikuwa anacheka ndani ya mtandio, tuliuona unavuta na kupuliza. Mwishoni hata Afande akapangusa macho. Mimi peke yangu sikucheka. Nilikuwa bado nimepiga magoti, kidole kiko juu. Nilikuwa nimesahau kukishusha.

Dua ikasomwa. Niliitikia amina kwa sauti ndogo kuliko zote nilizowahi kutoa. Tulipokuwa tunaaga, Afande akamwita shangazi Mariamu kando, ila mzee wa jeshi hajui kunong'ona. "Mama," akamwambia, "sisi tunakuja Jinja kuposa. Haraka. Kabla hajasoma makala nyingine."

Kwa hiyo ndoa ipo, alhamdulillahi. Sasa hivi tuko kwa jamaa wa shangazi hapa Mbale mjini, nimejifungia chumbani, na sebuleni namsikia shangazi anasimulia kwa mara ya pili, na kwake yule dubu ananguruma zaidi kuliko nilivyonguruma. Siraji ametuma ujumbe wa picha za vicheko tu, hakuna neno hata moja. Wambui amepiga kuuliza kama ile aya ya mpira tuiache au tuitoe. Nikamwambia sitaki kuisikia.

Naomba asicheke mtu. Na kama na wewe utakwenda kuonekana ukweni, chukua hili kwangu bure: mzee akikohoa, hata kama jibu unalo, mwache akohoe mpaka amalize.